Nani Aweza Kuipinga Hati ya Kampuni Kortini?

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wetu uliopita alisimama mzee wetu mmoja, mwenye mikarafuu tangu sisi wengine hatujazaliwa, akasema: "Katibu, mwanangu, wewe umesoma. Kampuni hii imetwaa amana zetu za majamvi na magunia. Yaliyofika ni nusu, na nusu hiyo ni mabovu. Serikali imeipa hati ifanye biashara ya halali, haikuipa hati ya kutula. Basi kwa nini tusiende kortini tukaomba inyang'anywe hiyo hati?" Watu wakapiga makofi, na walikuwa na haki ya kupiga. Kesho yake mchango wa wakili ukaanza kupita nyumba kwa nyumba, na mimi mwenyewe, nakiri, nilitia mkono mfukoni kabla sijafikiri.

Baadaye nilikaa nikasoma, nikamwuliza na mtu aijuaye sheria. Nimeona niyaeleze hapa kwa urefu niliyoyapata, maana fedha za mchango ni fedha za watu, na shauri linalofunguliwa na asiye na haki ya kulifungua hufa mlangoni pa korti. Jaji hafiki hata kuuliza kama majamvi yalikuwa mabovu. Humwuliza kwanza aliyekuja: wewe wasimama wapi katika jambo hili? Asipokuwa na mahali pa kusimama huambiwa aende zake, na pengine alipe gharama za mwenziwe.

Kwanza tufahamiane juu ya hati yenyewe. Kampuni haina mama wala baba. Huzaliwa kwa karatasi. Mfalme, au Bunge, au mwandikishaji wa serikali hutoa hati isemayo kuwa watu hawa, wakiwa pamoja, wahesabiwe mtu mmoja mbele ya sheria. Mtu huyo ana jina na mhuri, aweza kumiliki, kudai na kudaiwa, wala hafi wakifa wenyewe. Hata chama chetu ni hivyo hivyo. Sasa hati hiyo imepita baina ya nani na nani? Baina ya serikali iliyoitoa na watu walioipokea. Mimi na wewe tuliouziwa majamvi hatukuwamo. Tulicho nacho sisi ni kitu kingine, nacho ni mapatano yetu ya kununua, na risiti zetu. Ndiyo maana sheria ya Uingereza, na nyingi zilizotokana nayo, imeshika kwa karne nyingi kanuni hii: hati iliyotolewa na dola, mwenye kuuliza kama imevunjwa ni dola. Mtu wa kando na adai haki yake mwenyewe iliyodhulumiwa. Uhai wa kampuni si wake kuudai.

Sisi watu wa visiwa hivi kanuni hii iliwahi kutugharimu fedha nyingi, ingawa ni wachache wanaokumbuka. Mwaka 1887 Seyyid Barghash aliikodisha sehemu ya pwani yake ya bara, tangu Umba mpaka Kipini, kwa kundi la wafanya biashara wa Kiingereza lililoongozwa na William Mackinnon. Tarehe 3 Septemba 1888 Malkia Victoria akalipa kundi hilo hati ya kifalme, likawa Imperial British East Africa Company. Basi kampuni ile ilikuwa na karatasi mbili mkononi, mkataba wa Seyyid na hati ya Malkia. Kwa ile ya kwanza Seyyid alikuwa na neno. Akidai kodi yake ana mahali pa kusimama. Kwa ile ya pili hakuwa na neno hata moja. Wala wenyeji wa Mombasa na Malindi hawakuwa nalo, ingawa ni wao walioamriwa na kutozwa ushuru. Hati ilitoka London, na haki ya kuifuta ilibaki London.

Kampuni ikaishiwa na fedha. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ikaitwaa nchi, na kampuni ikalipwa pauni 250,000 iache vyote. Katika hizo, pauni 200,000 zilitoka katika fedha za Unguja, zile zilizolipwa na Wajerumani kwa ajili ya pwani waliyoichukua wao mwaka 1890. Yaani mwenye nyumba ndiye aliyetoa fedha ili mpangaji atoke, na alipotoka nyumba ikashikwa na mwingine. Sitaki kuongeza neno hapo.

Asili ya kanuni hii ni ya kale sana. Mfalme Edward wa Kwanza wa Uingereza, kuanzia miaka ya 1270, aliwatuma majaji wake wawaulize mabwana wakubwa wa nchi: mabaraza haya mnayoyaendesha, na ushuru huu mnaotoza, mwafanya kwa hati gani? Maneno hayo kwa Kilatini ni kwo waranto, na mpaka leo ndilo jina la shauri la namna hii. Inasimuliwa kuwa bwana mmoja, Earl Warenne, alichomoa upanga wa wazee wake uliokwisha liwa na kutu, akasema, "Hati yangu ni hii." Wanahistoria wengi hawaisadiki hadithi hiyo, lakini mimi nimeipenda, kwani yaonyesha wazi kuwa mwuliza alikuwa Mfalme na mwulizwa ni mtu aliyedai kupewa kitu na Mfalme.

Lakini silaha iliyo mkononi mwa mtu mmoja yaweza kupiga pasipostahili. Mwaka 1683 Mfalme Charles wa Pili aliutumia mlango huo huo kuuvua mji wa London hati yake, na kisa cha kweli kilikuwa siasa, kwa sababu mji ulikuwa mikononi mwa wapinzani wake. Hati ilirudishwa mwaka 1688, na mwaka 1690 Bunge likatunga sheria ya kuibatilisha hukumu ile. Nalitaja hili kwa ajili ya wale waliosema mkutanoni, "Basi serikali na ifute tu, isiulize." Leo itafuta hati ya kampuni tunayoichukia. Kesho itafuta ya chama kilichosema neno lisilompendeza mkubwa.

Mlango mdogo ulifunguliwa kwa raia mwaka 1710, enzi ya Malkia Anne. Sheria ilimruhusu mtu wa kawaida, akipata rukhsa ya korti, apeleke shauri juu ya mtu aliyejipachika cheo katika baraza la mji. Shauri liliandikwa kwa jina la dola, na yeye akatajwa kuwa ndiye aliyeleta khabari. Tazameni mpaka wake ulipo: lilihusu nani aliye meya kwa haki na nani siye. Halikumpa raia uwezo wa kuliua shirika lenyewe.

Marekani ilirithi sheria hizi, na huko ndiko zilikogombaniwa khasa. Swali la kwanza lilikuwa hili: Mfalme amekwisha kuondoka, je, jimbo laweza kuigeuza hati aliyoiacha? Chuo cha Dartmouth katika New Hampshire kilipewa hati na Mfalme George wa Tatu mwaka 1769. Mwaka 1816 jimbo likatunga sheria ya kukigeuza chuo na kuongeza wadhamini wa kuteuliwa na serikali. Wadhamini wa zamani wakakataa. Na walimshitaki nani? Walimshitaki katibu! Bwana William Woodward, aliyekuwa katibu na mtunza fedha wa chuo, alikwenda upande wa serikali naye ana hati, mhuri na madaftari. Wakadai awarudishie vitu vyao. Nilipoyasoma hayo niliondoka nikalitazama kabati la ofisi yetu, nikahakikisha kuwa ufunguo wa pili uko kwa Mwenyekiti.

Mwaka 1819 Mahakama ya Juu ya Marekani, chini ya Jaji Mkuu John Marshall, ilihukumu kuwa hati ile ni mapatano, na Katiba yao yakataza jimbo kuyavunja mapatano. Sisi tuliolelewa karibu na mashamba ya wakfu hatuoni ajabu, kwani tunajua kuwa aliyekwisha kuweka wakfu haji kesho akalitwaa shamba. Lakini lililo muhimu kwa swali letu ni nani aliyesimama kortini. Walisimama wadhamini, ambao majina ya vyeo vyao yamo ndani ya hati, na vitu vyao vimechukuliwa. Kama angekwenda mfanya biashara wa mji ule, au mzee wa mwanafunzi, sidhani kama angesikilizwa. Jaji mmojawapo, Joseph Story, aliongeza kuwa jimbo likitaka uwezo wa kubadilisha hati, basi lijiwekee haki hiyo siku ya kuitoa. Majimbo yalisikia, na tangu hapo mengi yakawa yanaiandika.

Sasa nije kwenye kesi iliyonishughulisha kuliko zote, nayo ni ya mafuta ya taa, mafuta yale yale ya Marekani yaliyofika mpaka pwani yetu na kuwasha taa za bibi zetu. Standard Oil ya Ohio ilipata hati yake mwaka 1870, mkubwa wake akiwa John D. Rockefeller. Tarehe 2 Januari 1882 wenye hisa za kampuni hiyo na za makampuni mengine mengi waliziweka hisa zao mikononi mwa wadhamini tisa. Tangu siku hiyo kampuni ya Ohio ilibaki na jina na mhuri, lakini waliotoa amri ni wadhamini, na mapatano yenyewe hayakutangazwa. Wasafishaji wadogo wa mafuta walilia miaka mingi. Mtu aliweza kushitaki kwa khasara yake mwenyewe kama alikuwa na ushahidi. Lakini kumwambia jaji, "Ivueni kampuni hii hati yake," hilo halikuwa lao.

Lilikuwa la Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na Mwanasheria Mkuu hakuwa na karatasi. Mwaka 1889 Bwana David Watson, aliyeshika kazi hiyo Ohio, alikipata dukani kitabu cha wakili William Cook juu ya miungano ya namna hii, na mle ndani mapatano ya 1882 yamepigwa chapa. Akayasoma, akaona kuwa kampuni iliyopewa hati na Ohio imejitia chini ya watu ambao Ohio haiwajui. Mei 1890 akafungua shauri la kwo waranto mbele ya Mahakama ya Juu ya jimbo.

Kampuni ilijitetea kwa hila nzuri. Ilisema: sisi kampuni hatukutia saini mapatano yale, waliotia saini ni wenye hisa, na kampuni ni mtu mbali na wenye hisa ni watu mbali. Korti haikukubali. Tarehe 2 Machi 1892 ilihukumu kuwa wenye hisa wote wakitenda jambo kwa ajili ya mambo ya kampuni, jambo hilo ni la kampuni, na kampuni imevunja hati yake. Je, hati ilifutwa? Haikufutwa. Sheria ya Ohio iliweka miaka mitano kwa serikali kuomba kufutwa hati, na tangu 1882 mpaka 1890 miaka hiyo ilikuwa imekwisha pita. Korti iliiamuru kampuni ijitoe katika mapatano yale, basi. Wenyewe wakahamia kwenye sheria nyepesi za New Jersey, ambako mwaka 1899 waliyakusanya tena makampuni yao chini ya moja. Yalivunjwa mwaka 1911 na Mahakama ya Juu ya Marekani, tena kwa sheria nyingine kabisa, ile ya 1890 ya kuzuia ukiritimba.

Hata mwenye haki ya kusimama, basi, aweza kuchelewa. Na lau si kitabu kile, labda asingesimama kabisa. New York mambo yalikwenda vingine. Huko Mwanasheria Mkuu alishitaki kampuni ya sukari iitwayo North River Sugar Refining Company kwa kosa la namna hiyo hiyo, na mwaka 1890 korti ikathibitisha kuwa hati yake imepotea.

Mtasema hayo ni ya zamani. Ya karibuni hayakugeuka sana. Katika Delaware, jimbo ambako makampuni mengi makubwa ya Marekani yameandikishwa, sheria yampa Mwanasheria Mkuu kazi ya kupeleka shauri la kufuta hati iliyotumiwa vibaya, ama kwa hiari yake ama kwa khabari aliyoletewa na mtu anayestahili. California nako, sheria humruhusu kuchukua hatua kwa malalamiko ya raia. Mwaka 1998 vyama kadhaa vya raia vilimpelekea Mwanasheria Mkuu wa California ombi refu kuwa kampuni ya mafuta ya Unocal ivuliwe hati. Baada ya siku chache aliwajibu kwa barua fupi kuwa hatafanya hivyo. Vyama vile vilikuwa na karatasi nyingi na mawakili wazuri, lakini mlango ulikuwa wa mtu mwingine, na mtu huyo hakufungua.

Tena kuna khabari iliyo karibu zaidi na watu wa chama kama sisi. Chama kikubwa cha wenye bunduki cha Marekani, kijulikanacho kwa herufi NRA, kiliandikishwa New York mwaka 1871. Mwaka 2020 Mwanasheria Mkuu wa New York, Bibi Letitia James, alikishitaki akitaka kivunjwe, kwa kuwa wakubwa wake, alisema, wametumia fedha za chama kwa starehe zao. Haki ya kusimama alikuwa nayo bila ya shaka. Hata hivyo Machi 2022 jaji alilikataa ombi la kukivunja. Alisema kuwa madhara yaliyotajwa yaliwapata zaidi chama chenyewe, wanachama wake na waliokichangia, si umma kwa jumla, na kukiua chama ni kuwaadhibu wale wale walioibiwa. Mashitaka mengine aliyaacha yaendelee. Februari 2024 wazee wa baraza la korti wakaona kuwa aliyekuwa mkuu wa chama, Wayne LaPierre, amekosa, na zaidi ya dola milioni 4 zikaamriwa zirudi chamani. Mimi nafikiri jaji yule alipima sawasawa. Mwivi akiwa mtunza ghala, huchomi ghala na karafuu za watu zimo ndani.

Hapo laja swali ambalo vijana waliniuliza nje ya mkutano, wakichekacheka, lakini ni swali la haki: na sisi wanachama, tukiona viongozi wa chama hiki wanakwenda kinyume cha hati yake, twasimama wapi? Kanuni ya Uingereza ni ya mwaka 1843. Wenye hisa wawili wa kampuni ya Victoria Park, Manchester, mmoja akiitwa Foss, waliwashitaki wakurugenzi kwa kuiuzia kampuni ardhi yao wenyewe kwa bei ya faida. Korti ilisema: aliyedhulumiwa ni kampuni, basi kampuni ndiyo ishitaki; mkutano wa wenye hisa na ukae uamue. Kanuni hiyo ni ngumu, na baadaye ikawekewa milango. Mwanachama aweza kusimama mwenyewe ikiwa jambo lililotendwa liko nje kabisa ya yale yaliyoruhusiwa na hati. Au ikiwa haki yake yeye binafsi imevunjwa, kama kunyimwa kura. Au ikiwa wadhulumu ndio walioshika kura za mkutano, hata mkutano hauwezi kuwashitaki. Uingereza kwa sheria yake ya 2006, na Kenya kwa ya 2015, zimempa mwenye hisa njia ya kushitaki kwa niaba ya kampuni, akipata kwanza rukhsa ya korti. Kwetu sisi mlango wa kwanza ni mkutano mkuu, na daftari la hesabu liko wazi kwa kila mwanachama aliyelipa ada. Mimi sitaudhika mtu akija kulitazama. Afadhali aje kabla sijaitwa Woodward.

Turudi kwenye majamvi. Halmashauri ilikutana, na imekubaliwa kuwa shauri la kuinyang'anya kampuni hati lisifunguliwe na sisi. Tutalifungua lililo letu. Kila aliyeweka amana na kupokea pungufu ana mapatano yake na kampuni, na kwa mapatano hayo ana mahali pa kusimama pasipo kuomba rukhsa ya mtu. Magunia yaliyoagizwa kwa jina la chama yatadaiwa na chama. Pamoja na hayo tutamwandikia mwandikishaji wa makampuni, na nakala kwa Mwanasheria Mkuu, tukiwaeleza tuliyoyaona na kuwapa nakala za karatasi zetu. Kufuta au kutofuta ni kazi yao. Kuwapelekea karatasi ni kazi yetu, na karatasi ndizo alizozikosa Bwana Watson mpaka alipopita dukani.

Kwa hiyo naomba mambo mawili. Waliotoa mchango wa wakili wafike kwa Mweka Hazina wachukue fedha zao. Orodha anayo, na kila mmoja atatia saini au dole gumba. Na kila mwenye risiti ya amana ailete ofisini, hata ikiwa imechanika au imelowa. Tutaiandika nakala mbele yake na kumrudishia ya asili. Aliyeipoteza na aje na mtu aliyekuwapo siku alipolipa, na aje akumbuke tarehe. Msichelewe mpaka msimu wa kuchuma uanze, maana hapo hapana atakayekumbuka risiti. Mzee wetu aliyeuliza swali amekwisha leta zake nne, zimefungwa katika kitambaa pamoja na kipande cha jamvi lililooza, nacho nimekiweka kabatini.

Wenu,
Katibu